Sikio Lililosikia Dawa

Watu walimwita Bwana Sikio, naye hakukasirika hata siku moja, maana aliona wamempa haki yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, katika kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la kutoa kopi, na alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wateja: hakufungua saa kabla ya kuisikiliza. Aliibandika sikioni, akafumba jicho moja, kisha akasema, "Hii ilianguka," au, "Hii imeingia maji, usinidanganye." Mara nyingi alikuwa amepatia, na mteja akaondoka akiwa amesutwa na saa yake mwenyewe.

Hiyo ya saa ilikuwa riziki. Sifa ilikuwa kwenye kwaya. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lililokuwa mwisho wa barabara ileile, na katika miaka yote hiyo hakuna noti iliyopinda ikapita mbele yake salama. Watu thelathini wakiimba kwa pamoja, yeye alimnyooshea kidole mmoja. "Wewe. Ndiyo, wewe wa nyuma. Unaimba au unaita kuku?" Mwanamume mmoja wa sauti ya tatu, fundi wa kuchomelea vyuma, Bwana Sikio alimpachika jina la Mlango, eti sauti yake inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Jina likamganda yule bwana mpaka kazini kwake, ambako, kwa bahati mbaya, kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza milango.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Watu walisema nyumba ile ina walimu wawili: mmoja anafundisha watoto kusoma, mwingine anafundisha watu wazima kunyamaza.

Kuhusu Mungu mwenyewe, Bwana Sikio hakuwa na neno baya wala zuri. Alimwimbia, basi. Mchungaji alipoomba, yeye alifumba macho kama wenzake, ila ndani alikuwa anasikiliza kipaza sauti kinavyovuma na kupima wimbo unaofuata uanzie juu au chini. Angeulizwa ni lini mara ya mwisho alizungumza na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, angejibu kwamba kazi hiyo ina wenyewe.

Kikohozi kilianza kama mzaha. Kikazidi, kikamkondesha, na alipopimwa wakamwambia ni kifua kikuu, tena kile kikaidi kisichotishwa na vidonge vya kawaida. Akalazwa kwenye chumba cha peke yake, mwisho wa ujia, dirisha moja, kitanda kimoja, na sindano kila asubuhi. Mkewe aliruhusiwa kumwangalia kupitia kioo cha mlango.

"Mzee," daktari alimwonya, "sindano hizi zinaokoa mapafu, lakini kwa baadhi ya watu zinakula masikio. Ukianza kusikia mlio wowote, sema mapema."

Mlio aliusikia wiki ya tano. Ulikuwa mwembamba, safi, haukupinda hata chembe. Na kwa kuwa mle chumbani hakuwa na mtu, aliona afadhali, amepata mwimbaji mmoja wa maana. Akawa anauwekea sauti ya pili kwa kuguna taratibu. Hakumwambia mtu. Wauguzi walipozungumza nyuma ya vitambaa vya mdomo asiwapate, alidhani wamechoka na kazi. Na mlio wenyewe ulipofifia, alisikitika kidogo kama mtu aliyeagana na mgeni.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La kwake liliisikia dawa, tena likaisikia sana, ndipo likafa.

Alirudi nyumbani na karatasi ya daktari inayosema mapafu yanaendelea vizuri na hawezi tena kumwambukiza mtu. Kesho yake asubuhi akafungua kibanda. Kulikuwa na saa ya mkononi aliyoiacha karibu kwisha. Akaibandika sikioni. Kimya. Akabadilisha betri. Kimya. Akaiweka kando, akachukua nyingine, ile ya mkuu wa shule, nayo kimya. Alifungua saa saba asubuhi ile, akiwalaani watengenezaji wa betri wa siku hizi, mpaka alipoinua macho akaona mishale ya zote saba inatembea. Ndipo akageukia ukuta. Upande wa pili, mashine ya kopi, ile iliyomkera miaka yote kwa kelele zake, ilikuwa inatema karatasi moja baada ya nyingine kama theluji inayoanguka kimya kwenye picha ya kalenda. Bwana Sikio akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulitetemeka. Akafunga kibanda, akaenda nyumbani, akajilaza na viatu vyake.

Mwanzoni watu walikuja. Walikaa, wakapiga kelele kwenye uso wake mpaka mate yakamrukia, wakaandika kwenye simu maneno ya pole, wakamwangalia kwa huruma akiyasoma bila miwani. Kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao, yeye akiwa katikati kama meza. Wiki ya tatu hakuja mtu. Kwaya ilipata mwalimu mpya, na mwalimu huyo, kwa kura zote, alikuwa Mlango.

Kanisa nalo halikulala. Jumapili moja mchungaji alimwita mbele, akamwekea mikono masikioni, akaomba mpaka shati likamlowa. Halafu akainama, akauliza kitu. Bwana Sikio aliona midomo inacheza, akakisia adabu inataka nini, akajibu, "Amina!" Kanisa likalipuka. Watu waliruka, wanawake wakalia, mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Yeye alisimama pale akitazama furaha ile asijue imemhusu nani. Jumatatu jirani alimwita kwa nyuma mara tatu barabarani, asigeuke. Jumatano habari ilikuwa imeshafika kila mahali: uponyaji ulimfika, ila imani yake haba ikaurudisha ulikotoka.

Mkewe alimwandikia haya kwenye daftari la mistari mipana, kwa mwandiko ule wa mviringo wa darasa la pili, kwa sababu hakupenda ayajue kwa wengine. Bwana Sikio alisoma, akafunga daftari, akasema, "Hata kuumwa kwangu wamenikosoa." Alisema kwa sauti iliyotikisa vikombe. Mkewe alifikiri ni hasira. Ilikuwa kweli ni hasira, lakini pia hakuwa tena na namna ya kujisikia.

Basi akabaki na nyumba. Asubuhi mkewe alikwenda shuleni, akarudi saa kumi na moja jioni. Binti yao mmoja aliolewa mbali, na kwa kawaida alipiga simu. Kibanda kilifunguliwa siku mbili, kikafungwa siku tano. Na hapo, siku moja saa kumi alasiri, akiwa amechoka kuukodolea macho ukuta, Bwana Sikio aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaketi kitandani na kuamua kumwambia Mungu ukweli. Hakujua pa kuanzia. Nyimbo zote alizozijua zilikuwa na maneno ya watu wengine.

"Habari za huko," alisema.

Kwa upande wake alikuwa ananong'ona. Kwa upande wa dirisha, hata hivyo, kulikuwa na uchochoro, na uchochoroni kulikuwa na bomba, na bombani walikuwapo wapangaji wanne wanafua. Sauti iliyowapita wanawake hawa juu ya vichwa ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuwafikia waimbaji thelathini bila kipaza sauti.

"HABARI ZA HUKO. Ni mimi. Nadhani unanijua, ingawa hatujawahi kuzungumza. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Mjini hapa masikio ni mengi. Yupo muuza chuma chakavu anayepiga debe tangu alfajiri, yake angeyahitaji ya nini? Yupo mchungaji, hasikilizi mtu. Ukayaacha yote hayo, ukachukua yangu?"

Mama mmoja, aliyekaa chumba cha tatu na ambaye wote walimwita hivyo, Mama Chumba cha Tatu, aliziba mdomo kwa shati lenye povu. "Jamani," alisema, "anasemezana na nani?"

"Na Mungu," akajibiwa.

"Mbona anamfokea?"

Kesho yake saa kumi bombani walikuwa saba. Wiki iliyofuata hata fundi baiskeli wa kona ya pili alikuja na ndoo, mtu ambaye nguo zake hazikuwahi kusingiziwa kufuliwa. Watu wakawa wanafua alasiri tu, na wengine walifua zilizo safi. Kuna waliobeba vigoda. Ilikuwa burudani ya bure, na Bwana Sikio hakuwanyima: alimweleza Mungu kasoro za kila mtu barabarani kwa mpangilio, kama anayepitia sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Kila aliyetajwa alichekwa, akanuna, na siku ya pili akaja mapema ili asikie anayefuata.

Lakini kasoro za watu zina mwisho. Mwezi wa pili akawa amewamaliza wote, akabaki yeye.

Alianza na dogo. Saa ya ukutani ya fundi baiskeli: alipewa aitengeneze, akatoa springi nzima akaweka iliyochoka, kwa sababu nzima aliihitaji kwa saa ya mtu mkubwa. "Miaka tisa yule bwana anafika kazini amechelewa," alimwambia Mungu, "na mimi ndiye ninayemcheka." Wote wakamgeukia fundi baiskeli. Fundi alikuwa ameshika soksi moja. Aliikamua polepole, maji yakaisha, akaendelea kuikamua.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya Mlango. "Sauti yake haijawahi kuwa mbaya," Bwana Sikio alisema. "Ni nzuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Niliisikia siku ya kwanza tu, nikaogopa. Nikampa jina ili kila akifungua mdomo alikumbuke." Habari hiyo ilimfikia Mlango karakanani kabla jua halijazama. Kesho yake alikuja mwenyewe, amevaa miwani ya kuchomelea kichwani, akasimama mbali kidogo na bomba, mikono mfukoni. Jina lake halikutajwa tena siku hiyo. Alikuja siku nne mfululizo hata hivyo.

Kisha ikafika Alhamisi moja ambayo shule ilifunga mapema. Mkewe alipita uchochoroni ili akate njia. Aliwakuta watu kama kumi na wanne, mabeseni, vigoda, mtu anachambua mchele, na juu yao sauti ya mumewe. Walipomwona, walitazama chini. Sauti haikuwangojea.

"Yule mtoto wetu wa pili," ilisema sauti. "Unamkumbuka, ulimchukua mapema, umekaa naye zaidi yetu. Siku ile mama yake amelala pale ukumbini analia, na mimi nimesimama mlangoni na vitabu vya nyimbo mkononi, nina mazoezi saa kumi na mbili. Nikamsikiliza analia. Unajua nilisikia nini? Nilisikia kilio kimepanda nusu noti kuliko alivyoanza. Hicho ndicho nilichosikia, Bwana. Nikaenda mazoezini. Kwaya iliimba vizuri sana. Kumbe nilikuwa kiziwi siku nyingi, Wewe umekuja kutia muhuri tu. Sasa ningetaka kumsikia mke wangu, hata akilia, hata akigombana na sufuria, na siwezi. Na kumwambia naona haya. Nimebaki na Wewe. Tuko wawili tu humu."

Mtu wa mchele alisimama, mwingine akamwaga maji yaliyokuwa bado safi. Mabeseni yaliondolewa moja moja, pasi na mlio, jambo gumu kwa mabeseni ya bati. Mke wa Bwana Sikio alibaki peke yake, begi la madaftari begani, mpaka ndani pakanyamaza. Ndipo akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele kama kila siku. Akachukua daftari akaandika, "Chai iko tayari," ingawa hakuwa amewasha jiko. Akaketi karibu naye, bega kwa bega. Bwana Sikio alishangaa kidogo, akasogea ampe nafasi, naye mkewe akasogea kuifuata.

Mkewe alijua inampasa kumwambia kwamba anasikika nje. Lakini aliahirisha, na sababu yake haikuwa ya kujivunia: alitaka kuendelea kusikia, siku alizoweza kutoroka shuleni mapema. Miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kusemwa vizuri kiasi hicho.

Majirani nao waligeuka kwa namna yao. Hakuna aliyecheka tena, ila hakuna aliyeacha kuja. Siku moja Bwana Sikio alimwambia Mungu, "Sikuombi masikio, najua umekataa. Ila mtu anisalimie tu njiani, asinipite kama nguzo." Kesho yake alisalimiwa na watu kumi na mmoja kutoka nyumbani hadi kibandani, wengine wakivuka barabara kwa makusudi. Akarudi chumbani machozi yanamtoka. "Wewe!" alisema. "Kumbe unasikia!" Wiki ileile akataja, kwa kupita, kwamba tangu augue hajala papai. Jioni kulikuwa na mapapai matatu mlangoni. Imani yake ikaota mizizi. Akaanza kuwaombea wengine: kikohozi cha mtoto wa Mama Chumba cha Tatu, mgongo wa muuza chuma chakavu, Mlango apate ufunguo wa wimbo mpya. Na wale wa bombani, wakisikia majina yao yanatajwa mahali pale kwa sauti kubwa na kwa wema, waliinamisha vichwa, na wachache wakasema amina, kwa kuwa waliona si vizuri aombe peke yake.

Aliyeharibu mambo ni mchungaji, tena kwa haki. Ibada yake ya maombi ilikuwa kila Jumatano saa kumi, na Jumatano tatu alikuwa ameomba na mfagiaji na mke wake. Alipouliza waumini wamekwenda wapi, akaelekezwa uchochoroni. Hakupenda. Alibisha hodi kwa Bwana Sikio, kisha akakumbuka, akaingia tu, akachukua daftari mezani, akaandika: "Mzee wangu, tafadhali punguza sauti unapoomba."

Bwana Sikio alisoma mara mbili. "Sauti gani?" aliuliza, na uchochoroni wote walimsikia akiuliza.

Jioni ile mkewe aliandika kurasa mbili. Aliandika yote: bomba, vigoda, soksi ya fundi baiskeli, salamu, mapapai, na ile Alhamisi. Bwana Sikio alisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili. Alipomaliza uso wake ulikuwa umepauka.

"Kwa hiyo hakuwa Yeye," alisema. "Walikuwa wao."

Mkewe akafikiri, akaandika: "Mapapai yalikuwa ya kweli."

Hakutoka nyumbani siku tatu. Hakuomba, hakufoka, alikula kidogo. Alijiona kama mtu aliyeoga uwanjani akidhani yuko bafuni. Siku ya nne alichukua springi mpya, akaenda kona ya pili, akavuta kigoda cha fundi baiskeli, akapanda, akashusha ile saa ya ukutani na kuitengeneza palepale mbele ya watu. Fundi alimtazama mpaka mwisho. Kisha akachukua chaki, akaandika kwenye tairi lililoning'inia: SASA NITAWAHI WAPI NA UZEE HUU. Bwana Sikio alicheka. Hakujua kama amecheka kwa sauti au la, na kwa mara ya kwanza hakujali.

Alipoirudia sala yake ya saa kumi, alimsubiri mkewe kwanza. Ikawa saa kumi na moja. Walikubaliana: aketi naye, na sauti ikipanda amfinye goti. Mkewe alimfinya kila alipokaribia siri ya mtu. Yakifika mambo yake mwenyewe, mkono wake ulisahau kazi. Majirani walilalamika. "Siku hizi anamnong'oneza," alisema Mama Chumba cha Tatu, "kama sisi ni wageni." Wengine, kwa kukosa pa kwenda, wakarudi Jumatano kanisani, na mchungaji alipowasikia wanavyoomba, waziwazi, na makosa yao yote kwa majina, alitamani kidogo wangebaki bombani.

Masikio hayakurudi. Wako waliosema Mungu alimfunga masikio ili amfungue moyo, na mkewe alipomwandikia hayo, alitikisa kichwa. "Zilizonifunga masikio ni sindano," alisema. "Yeye nilimkuta tu mle chumbani. Sijui alikuwa amekaa siku ngapi."

Mlango ndiye aliyekuja kumrudisha kanisani. Alimkalisha kiti cha mbele, karibu na kwaya, akiwa na mkewe. Jumapili hiyo waimbaji walipinda noti walivyotaka, na Bwana Sikio akawatazama midomo yao kwa furaha ambayo wengine waliiona kuwa ni utakatifu na wengine ugonjwa. Kisha mchungaji akaomba, watu wakafumba macho, naye akafumba. Mchungaji akamaliza. Watu wakasema amina, wakaketi. Bwana Sikio hakuona, akaendelea.

Sauti ilijaa kanisa hadi kwenye mabati. Alishukuru kwa mapafu. Akamtaja binti yake, akamtaja muuza chuma chakavu. Kwaya ilikuwa imesimama tayari kuanza. Mlango akaipungia mkono iketi. Mchungaji aliangalia saa yake, ile aliyotengenezewa na mwombaji mwenyewe, akaufunika mkono kwa shati, akafumba macho tena. Mkewe aliweka kiganja juu ya goti la mumewe, akakiacha pale.

Aliomba dakika tisa. Alipofumbua macho aliwakuta watu wote wameinamisha vichwa, akadhani ndiyo kwanza mchungaji anaanza, basi na yeye akafumba tena.